Makaa Chini ya Trekta

3 Juni

Mpwa wangu Bi Spea,

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini yangu mwenyewe, natangaza kwamba leo asubuhi trekta limekohoa. Halikuwaka. Limekohoa mara moja, likatoa moshi mweupe kama wa kuni mbichi, likanyamaza. Wananchi waliohudhuria walipiga makofi, kisha wakakumbuka kwamba hakuna kilichotokea, wakaenda kwenye shughuli zao.

Hujambo lakini? Mimi mzima, ukiondoa magoti. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Paa la jikoni limeacha kuvuja kwa sababu mvua imeacha kunyesha. Msalimie mama yako, dada yangu, umwambie nakula vizuri. Najua atauliza, na najua hataamini.

Sasa la maana. Huku juu baridi imeshuka kwa fujo mwaka huu. Asubuhi maji ya ndoo yameganda juu, inabidi uyagonge na kikombe ndipo unawe uso. Trekta unalijua, ni kongwe kuliko wewe na lina adabu kuliko wewe, lakini sasa limegoma. Mwezi uliopita lilikuwa linawaka bila neno. Nikamwaga oili ya zamani, nikaweka ile mpya uliyonitumia kwenye dumu, baridi ikaingia, na tangu hapo nikigeuza funguo injini inazunguka kwa uvivu, nguu, nguu, kama mtu anayeamshwa kwenda kwa wakwe.

Makubaliano unayakumbuka. Mke wangu alipotutoka, mama yako alikalia kiti changu, ndani ya nyumba yangu, akaamua kwamba mtu mmoja na trekta moja si familia. Nikamjibu kwamba mwaka ambao trekta litashindwa kulima shamba kabla ya mvua, nitafunga mlango na kushuka huko kwenye joto nikaishi nanyi. Nilisema kwa kiburi, maana siku hiyo lilikuwa linanguruma nje. Usiseme kitu kama hicho injini ikiwa imewaka, mpwa wangu. Subiri izime kwanza.

Hapa kuna wanaume ambao huja kila asubuhi kuniangalia nikihangaika. Nimewaita Kamati. Mwenyekiti wao ni Fundi Redio, ambaye kwa kuwa alishawahi kufungua redio, anaamini hakuna kitu duniani chenye skrubu kinachoweza kumshinda. Kamati imependekeza tulisukume. Tukalisukuma. Limehama kutoka bandani hadi mlangoni kwa choo, na sasa anayetaka choo anapita ubavuni.

Mwishowe muuza mkaa wa njia panda, mwanamke asiye na maneno mengi, alikuja na karai la makaa ya moto, akalisukuma chini ya tumbo la injini, pale oili inapokaa. Fundi Redio akamwambia, "Mama, hii ni mashine, si sufuria." Naye akajibu, "Na wewe hebu lala nje usiku kucha, tuone kama utaamka." Ndipo likakohoa.

Nitafutie dawa huko dukani kwako.

Mjomba wako


15 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Joto la huku ni lile lile. Jana mteja aliweka spana juani na hakuweza kuishika tena. Mama hajambo. Anagombana na mpangaji wa juu kwa sababu ya maji ya kufulia yanayomwagika kwenye kanga zake, na ugomvi huo unamweka kijana.

Nimesoma barua yako dukani, wateja wakaniuliza nacheka nini. Nikawaambia nina mjomba anayepika trekta. Makaa, Mjomba? Chini ya injini iliyojaa oili na dizeli? Siku moja utaamka ukute huna trekta wala banda wala mlango wa choo. Na huyo Fundi Redio umwambie kutoka kwangu arudi kwenye redio, huko angalau akikosea watu wanakosa taarifa ya habari tu.

Nimempa dereva wa lori la viazi kifurushi chako. Ndani kuna kopo la kupuliza. Ni dawa inayoshika moto upesi kuliko dizeli, hata kwenye baridi. Unafungua mdomo wa bomba la hewa, mtu mmoja anageuza funguo, mwingine anapuliza kidogo. KIDOGO. Halafu soma hapa mara mbili: ukiwa umegeuza funguo kwenye upande wa kupasha moto, usipulize kabisa. Dawa na moto havikai chumba kimoja. Tena usiizoeshe injini. Injini ikizoea kopo inakuwa teja, haiamki tena bila kunusishwa.

Mama ameanza kupima chumba cha mbele kwa hatua. Anatoka mlangoni mpaka dirishani, anasimama, anatikisa kichwa. Sisemi zaidi.

Mjomba, hilo trekta lazima liwake. Nasema kwa mapenzi tu.

Mpwa wako


1 Julai

Bi Spea,

Marahaba. Kopo lilifika salama. Wengine hatukufika salama.

Ndama anaendelea vizuri. Kuku wamekataa kutaga, na sababu yao utaiona hapa chini.

Uliandika KIDOGO kwa herufi kubwa. Nilimsomea Fundi Redio, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri anayoyajua. Kwa Fundi Redio, kidogo maana yake ni mpaka kopo lianze kupiga mluzi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa kwenye kiti cha trekta na nilitaka nionekane ninafanya kitu, niligeuza funguo upande wa kupasha. Mpwa wangu, hilo trekta halijawahi kuongea kwa sauti ile. Kifuniko cha chujio la hewa kilipaa kikatua kwenye banda la kuku. Nyusi za Fundi Redio zimekwenda likizo bila malipo. Sasa ana uso wa mtu anayeshangaa muda wote, jambo ambalo kwa mara ya kwanza linalingana na ujuzi wake. Kamati ilivunjika ikaelekea pande zote. Mmoja wao, yule mwenye mguu mbovu, alifika barabarani wa kwanza, na tangu siku hiyo tumekubaliana tusimwonee huruma tena.

Jirani peke yake hakukimbia. Alisimama na karai lake mpaka moshi ukapungua, akauliza, "Mmemaliza?" Akalisukuma chini. Tukakaa tukisubiri. Makaa yakashusha uvuguvugu kwenye oili, mimi nikafuta masizi usoni, na jua lilipofika kwenye bati la jikoni nikageuza funguo. Likawaka.

Huwa anakunywa chai hapa kwenye ngazi wakati trekta linapata joto. Si ugeni huo, ni kwamba karai haliwezi kuondolewa likiwa moto, na mtu hawezi kuacha karai lake kwa watu kama Kamati. Anakunywa bila sukari. Nimekutajia tu.

Kopo nimelizika nyuma ya banda. Nipe kitu kingine, kisicho na hasira.

Mjomba


12 Julai

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa mlipuko, pole kwa kuku. Fundi Redio simpi pole. Nyusi zitaota, akili ndiyo sina hakika nayo.

Mama amesikia. Sikumwambia mimi, aliyemwambia ni dereva wa viazi, ambaye akipakia magunia yake habari hupakia bure. Mama akasema, "Basi. Mpaka mtu alipuke ndiyo tujue ni mzee?" Kesho yake akanunua kitanda. Kipo kwenye korido, kimesimamishwa wima, kila nikipita kinanigonga bega. Bado anapima chumba cha mbele, safari hii kwa kamba.

Sasa sikiliza vizuri. Nimekutumia plagi ya kupashia. Ya kwenye trekta lako nina hakika ilikufa zamani, ndiyo maana ukigeuza funguo upande huo hakuna kinachopata joto ila hasira zako. (Siku ya kopo ilifufuka kidogo ili ikuaibishe.) Hii mpya unaifunga kwenye bomba linaloingiza hewa. Ina waya mmoja na kijibomba kimoja cha dizeli. Ukishikilia funguo upande wa kupasha, inachuruzisha tone la dizeli na kuliwasha, hewa inayoingia inakuwa ya moto, unahesabu taratibu, kisha unawasha. Hakuna kupuliza, hakuna kusukuma, hakuna karai. Trekta kama lako ndivyo lilivyotoka kiwandani. Waliolitengeneza walijua baridi ni nini, hawakuliwekea akiba ya muuza mkaa.

Ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye spana na akili. Spana unayo.

Nakuomba, Mjomba. Ifunge wiki hii hii. Shamba lile halijilimi, na Mama akiamua kitu unamjua.

Mpwa wako


10 Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Wino uliisha, kisha dereva alipita bila kusimama, kisha nikasahau, kisha nikakumbuka nikiwa sina miwani. Chagua sababu unayoipenda.

Sisi hatujambo. Ndama sasa anakimbia hovyo. Nguzo za zizi nimezipaka oili zote ili mchwa wasizile, zinang'aa kama viatu vya polisi, watu wanasimama kuzitazama. Tumepanda kitunguu nyuma ya jiko. Tunaona kitastahimili baridi.

Kuhusu plagi. Mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Nimeipokea kwa mikono miwili, nimeitoa kwenye boksi, nimeitazama pande zote. Kwanza naona nati yake ina sura ya ujeuri. Pili, ile wiki uliyosema kulikuwa na upepo, na si vizuri kufungua bomba la hewa wakati wa upepo, vumbi linaingia. Tatu, wiki iliyofuata hapakuwa na upepo, na nilipofikiria nikaona kazi ya utulivu kama hiyo inataka mtu asiwe na haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Kwa sasa iko dirishani, inapata mwanga.

Hata hivyo usidhani nimekaa tu. Alipita hapa muuzaji mmoja, amevaa tai, na sanduku. Ana hita ya umeme unayoifunga kwenye injini usiku kucha, asubuhi injini ina joto kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikampongeza. Akaniuliza soketi iko wapi. Nikamtoa nje nikamwonyesha nguzo ya umeme iliyosimikwa mbele ya nyumba yangu enzi zile za kampeni. Akaitazama juu, akaona kunguru. Akauliza, "Na waya?" Nikamwambia waya uko kwenye hotuba. Fundi Redio akamshauri aunge betri ya redio. Muuzaji akaondoka, tai yake imeshikwa na upepo, na Kamati ikampungia mkono kwa furaha, maana si kila siku anatokea mtu mjinga kuliko wao.

Kwa hiyo tunaendelea na karai. Yeye analileta mapema, limefunikwa kwa kipande cha bati ili joto lisitoke. Trekta linawaka. Mwambie hivyo mama yako: linawaka.

Mjomba


18 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima na tusipoteze muda kwenye salamu.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga juu ya kaunta. Mwezi wa sita kulikuwa na "muuza mkaa". Mwezi wa saba akawa "jirani", anakunywa chai kwenye ngazi, na wewe unajua kwamba haweki sukari. Mwezi wa nane hana jina wala kazi, ni "yeye" tu. Tena kuna "sisi" waliopanda kitunguu. Wewe na nani? Ng'ombe mwekundu? Tangu nizaliwe hujawahi kupanda kitunguu. Ulikuwa unasema ni mmea wa watu wasio na shughuli.

Dereva wa viazi ameniambia plagi yangu iko dirishani kweli, tena imewekewa kitambaa chini, kama picha ya marehemu. Amesema pia umenyoa ndevu. Mjomba, kwa baridi hiyo?

Si kazi yangu kuuliza. Kazi yangu ni kukuonya. Mama ameamua kupanda huko mwenyewe mwanzoni mwa mwezi ujao. Nilimwambia trekta linawaka. Akasema, "Kwa barua hata mimi nawaka." Anataka akae hapo asubuhi yenye baridi, aone kwa macho yake, na aone shamba likilimwa. Likikataa, anakufungia virago siku hiyo hiyo, mnashuka wote na lori la viazi. Ameshasema mbele ya watu, unajua maana yake.

Makaa siku moja yanakubali, siku nyingine yanakataa. Plagi haikatai. Ifunge! Usije ukaikosa nyumba yako kwa sababu ya kikombe cha chai.

Mpwa wako anayekupenda


29 Agosti

Mpwa wangu anayenipenda,

Marahaba. Huku baridi ni ile ile, kitunguu kimeshika.

Umezipanga barua zangu juu ya kaunta. Vizuri. Na mimi nimempangia dereva wa viazi chai, vitumbua na kiti chenye mgongo, naye akanipa picha kamili ya kaunta yenyewe. Kumbe iko kwenye chumba cha mbele! Kumbe machujio yamening'inia kwenye misumari pale mama yako anapotaka kuweka kichwa changu, na mikanda ya feni iko pale itakapokuwa miguu! Amesema umepaka mpaka maandishi ukutani. Mama yako anapima chumba kwa kamba, na wewe unasimama mlangoni na kopo la kupuliza mkononi, unaomba trekta la mzee liwake.

Nimekaa nikacheka mpaka Kamati wakaja kuuliza kama ni mafuta yamenipanda kichwani. Mwezi wa sita nilisema, huyu mtoto ana moyo. Kopo! Plagi! "Nasema kwa mapenzi tu!" Duka ndilo lililokuwa linanipenda. Usijitetee. Nimekuheshimu zaidi sasa kuliko mwanzo. Mapenzi ya mpwa yanaweza kupoa, mapenzi ya mwenye duka kwa duka lake hayapoi. Na siri hii sijamwambia mama yako.

Kwa hiyo mimi na wewe tunataka kitu kimoja: nibaki huku. Ila plagi sifungi.

Usiniulize kwa nini. Wewe umesomea spea, hujasomea asubuhi. Mke wangu alipoondoka nilikuwa naamka, nagonga barafu ya ndoo, nanawa, halafu siku yote inabaki. Trekta linalowaka kwa funguo ni jambo zuri sana. Unageuza, linawaka, umemaliza, hakuna mtu aliye na sababu ya kupita getini. Nimefika hapo, siendelei.

Mama yako na aje. Mwambie avae nguo zote alizonazo.

Mjomba


21 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Kuhusu duka sikujibu kitu. Ni kweli, nawe ungefanya hivyo hivyo, tuishie hapo.

Mama amerudi juzi. Sielewi kinachoendelea ndani ya nyumba hii. Alishuka kwenye lori amevaa makoti mawili, hana mtu nyuma yake, hana virago vyako. Nikamwuliza, "Mama, mjomba vipi?" Akasema, "Hashuki." Nikamwuliza trekta liliwaka? Akaanza kucheka. Mama yangu, ambaye tangu mwaka juzi sijamwona akicheka ila mpangaji wa juu alipoteleza kwenye maji yake mwenyewe. Dereva naye anasema alicheka njia nzima, kila lori likipita kwenye shimo anaanza upya.

Kitanda amekiingiza chumbani kwake, analalia cha zamani na kuwekea nguo kwenye kipya. Kamba ya kupimia ameifanya ya kuanikia. Jana akapita dukani, akasimama mbele ya madumu yangu, akasema, "Uwe unauza na oili nyepesi." Nikamwambia Mama, huku kwetu joto, kila mtu anataka nzito, ndiyo oili yenyewe. Akasema, "Haya," akaondoka akicheka.

Mama na oili wapi na wapi? Nijibu, Mjomba, moja baada ya nyingine. Plagi ulifunga? Trekta liliwaka mbele yake? Zile nguzo za zizi ulizipaka oili gani?

Mpwa wako


4 Oktoba

Bi Spea,

Marahaba. Sote wazima. Ndama ameuvunja uzio wa kitunguu na sasa ana pumzi ya mpishi.

Plagi sikufunga. Nakurudishia kwa dereva, haina hata mkwaruzo, iuze kama mpya maana ni mpya.

Nguzo nilizipaka oili yako. Ndiyo, ile ya dumu. Usizimie. Huko kwenye joto ni oili, huku juu asubuhi ni gundi. Niligundua mwezi wa saba nilipofungua nati ya chini nione ina hali gani, ikakaa pale mdomoni mwa tundu inanitazama, haijui kama inatoka au inabaki. Injini gani itazunguka ndani ya kitu kama hicho? Mwenye duka la spea, aliyezaliwa kwenye joto na kukulia kwenye joto, akamtumia mjomba wake aliye kwenye barafu oili ya kwenye joto, kisha akamtumia kopo, kisha akamtumia plagi, kisha akanicheka mimi na Kamati yangu. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa unaandika vizuri sana ukiwa na uhakika. Dereva aliniletea nyepesi, nikabadilisha (mama yako nilimweleza siku anaondoka), mchwa wa zizi wakapata msiba.

Mama yako alifika jioni, akakagua sufuria, akakagua ndevu ambazo hazipo, akalala. Asubuhi aliamka kabla yangu akaweka kiti mbele ya trekta, akajifunga blanketi juu ya makoti, akakaa kama hakimu aliyechelewa kulipwa. Kamati ilikuwepo yote. Fundi Redio nyusi zimerudi, ya kushoto zaidi. Alianza kumweleza mama yako jinsi dizeli inavyoganda, mama yako akamwuliza, "Wewe ndiye uliyelipuka?" Akaenda kusimama nyuma ya wenzake.

Kisha getini akaingia yeye, na karai lake limefunikwa kwa bati. Akamwamkia mama yako vizuri, akalisukuma karai mahali pake, akaenda kukaa kwenye ngazi na kikombe ambacho, kama mama yako alivyoona mara moja, hakikuletwa na mgeni, kilikuwa kwenye msumari wake. Wakatazamana kama wakaguzi wa idara mbili tofauti. Mama yako akauliza, "Kila siku unakuja?" Akajibu, "Kila siku baridi ipo." Mama yako akasema, "Na baridi ikiisha?" Akafikiri, akapuliza chai yake, akasema, "Huku haiishi sana."

Tukasubiri makaa yafanye kazi yao. Moyo wangu, mpwa wangu, sitakudanganya, ulikuwa unakwenda kuliko injini. Nikapanda, nikageuza funguo. Likawaka pale pale, moshi ukapanda mweusi halafu ukasafika, na Kamati wakapiga makofi kama wao ndio waliolizaa. Nikalima kipande cha kwanza mpaka mwisho wa shamba na kurudi, na sikutazama nyuma nisije nikaonekana natazama.

Niliporudi, mama yako alikuwa amesimama. Akaniambia nimekonda. Akaniambia mistari yangu imepinda kule mwisho. Halafu akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi baki." Shamba limelimwa lote sasa, mvua ije ikitaka.

Msalimie. Duka lako limepona, tangaza ukutani.

Mjomba

Tanbihi: Naona unataka kujua mama yako anacheka nini, na mwenyewe hatakwambia. Nilipokuwa bado shambani baridi ilimzidi, akainama akavuta lile karai kutoka mahali pake, akaondoa bati ili aote moto. Makaa hayakuwa yamewashwa.